Nchi Nzima Imeolewa kwa Zondi

Neno "nyuya" halimo katika kamusi yoyote ya Kizulu, na hilo halijamzuia mtu yeyote kulielewa. Limechapwa kwenye fulana, limechorwa kwenye kuta za madaraja, limepewa ukumbi wa mikutano ambao paa lake linavuja. Kila mwaka wa uchaguzi hutolewa kabatini, likapigwa pasi na kuvaliwa na waheshimiwa ambao, enzi za mapambano, waliugua ghafla kila siku ya maandamano.

Profesa Gasa wa chuo kikuu aliliandikia makala ndefu kuthibitisha kwamba ni neno la siri la wapiganaji wa kale, lililofichwa kwa karne nzima hadi taifa lilipolihitaji. Chama nacho kilitoa kijitabu kikisema ni kifupisho, kila herufi na neno lake. Kwa kuwa herufi moja ilijitokeza mara mbili na hawakupata neno la pili, walieleza kwamba hapo pana mkazo.

Aliyelijua neno hilo vizuri ni Khombisile Zondi, kwa sababu yeye ndiye aliyeliimba mara ya kwanza, na labda kwa sababu hiyo hiyo hakuna aliyehangaika kumuuliza. Pale Edendale watu walimwita MaNgcobo, kwa ukoo wa baba yake, kama inavyostahili mke wa mtu. Alipiga gitaa tangu ujana, aliandika vitabu vitatu, alifungwa mara mbili. Serikali ya makaburu ilipiga marufuku nyimbo zake redioni, na hakuna aliyewahi kumfanyia tangazo zuri kuliko hilo.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Neno la kawaida la kumwambia mtu arudi ni "buya". Hakuna siri hapo, hata mtoto anayeitwa kula analijua. Lakini baba mkwe wa Khombisile aliitwa Buyani, na mke aliyeolewa hatamki jina la baba wa mumewe, wala neno linalofanana nalo. Wiki aliyoletwa kwa akina Zondi, mama mkwe wake, MaSithole, alimketisha jikoni akamhesabia maneno ambayo ulimi wake ungeyakwepa tangu siku hiyo.

"Sasa nikitaka kumwambia mtu arudi nitasemaje, Mama?" aliuliza Khombisile.

MaSithole alikuwa anakoroga sufuria ya mahindi na maharage. Alifikiri mpaka mwiko ulipofika upande wa pili.

"Sema nyuya," alisema. "Na usiache chumvi wazi."

Basi hilo ndilo neno la siri la wapiganaji wa kale. Lilizaliwa kati ya mwiko na mkebe wa chumvi, na mwenye jina, mzee Buyani, fundi viatu mpole aliyeogopa hata kumkemea kuku, alikuwa nje akigongea soli bila habari.

Mume, Mfanafuthi, alikuwa mwalimu na mwongozaji wa mgomo wa kodi za nyumba. Neno hilo lilimfurahisha kupita kiasi. Kila asubuhi alipoondoka, mkewe alimwambia pale mlangoni anyuye mapema, naye alisimama, akaweka mkono sikioni kama kiziwi, akamjibu kwa sauti ya chini, "Sirudi mpaka uniite kwa neno lenyewe." Khombisile alimfukuza kwa kitambaa cha vyombo. Ulikuwa utani wao, wa mlango huo mmoja, na ulidumu mpaka asubuhi ya baridi ya mwaka themanini na sita, Mfanafuthi alipouacha ukining'inia vilevile, akaenda getini, na polisi wa usalama wakamchukua hapohapo na begi lake la vitabu. Hakurudi.

Majuma yalipopita Khombisile alikaa jikoni na gitaa lake. Alitaka kumwita mumewe, na neno la kumwitia lilikuwa marufuku, na MaSithole alikuwa amesimama pale pale mbele ya jiko. Akaimba, "Nyuya, Mfana, nyuya." Wimbo mzima ni huo. Ni mke anamwita mume arudi nyumbani, kwa adabu, mama mkwe akisikia.

Jumamosi moja aliuimba mazikoni, waliouawa na polisi walikuwa wanazikwa watano kwa pamoja, na umati ukaupokea. Mwezi uliofuata uliimbwa Durban, na baadaye kila mahali. Wanaume wazima, wenye ndevu na mawe mikononi, wakawa wanawapigia polisi kelele kwa lugha ya bibi harusi mbele ya baba mkwe. Bila posa wala ng'ombe mmoja wa mahari, nchi nzima ikawa imeolewa kwa Buyani Zondi.

Polisi walipomkamata walitaka kujua huyo Nyuya ni nani na silaha zake zimefichwa wapi. Aliwaambia ni neno la jikoni. Wakacheka, wakampiga. Halafu mmoja, kwa kawaida tu ya kazi yao, akauliza jina la baba mkwe wake. Hapo Khombisile alinyamaza. Alikuwa makoti, mke wa nyumba ya watu, na makoti hatamki jina hilo hata akiombwa vizuri, sembuse vile. Wao wakaona wameshika uzi wa jambo kubwa. Aliachiwa akiwa amepungukiwa meno mawili, na magazeti ya nje yakaandika kwamba mwimbaji shujaa amekataa kumtaja kamanda wake. Kamanda mwenyewe alikuja kumtazama kitandani, akavua kofia, akaitazama ile midomo iliyovimba.

"Mwanangu," alisema mzee Buyani, "si ungewatajia tu?"

Khombisile alicheka mpaka mshono wa mdomo ukafumuka. Katika kitabu chake cha pili alikieleza kisa hicho chote, pamoja na mwiko na chumvi. Mhariri akakikata. Alisema kinashusha hadhi ya mapambano.

Katika kitabu hicho hicho palikuwa na sura kali kuhusu mila zinazowaziba wanawake midomo. Sura hiyo haikukatwa. Kwenye mihadhara wasichana wenye akili walisimama kumuuliza mbona yeye bado anakwepa jina la mzee aliyekwisha kufa, naye aliwapa jibu la kuchekesha, ukumbi ukapiga makofi, yakaisha. Jibu la kweli hakumpa mtu. Mfanafuthi hakuwa na kaburi, hawakuwa wamejaliwa mtoto, na gauni la harusi liliungua nyumba ilipochomwa. Kilichobaki cha kuonyesha kwamba yeye ni mke wa mtu ni ule ulimi wake kulizunguka neno moja, kila siku, kama mtu anayepita pembeni ya kitanda asimwamshe aliyelala. Aliogopa kwamba siku atakayolitamka, ndoa itakuwa imekwisha, na aliyekwenda atakuwa amekwenda kweli.

Mambo yakakaa hivyo hadi polisi mmoja wa zamani alipougua, akaokoka, akataka kufa na moyo mwepesi. Alionyesha mahali: ukingo wa mto Thukela, ndani ya shamba la miwa. Mifupa haikupatikana, mto ulikuwa umefurika mara nyingi tangu hapo. Ilibaki roho ya kuchukuliwa. Mtu wa familia huenda na tawi la mti wa umlahlankosi, humwita marehemu pale alipoangukia, akamleta nyumbani juu ya tawi, na njia nzima haongei na mtu mwingine isipokuwa yeye. Kazi hiyo ni ya mwanamume wa ukoo. Kwa akina Zondi wanaume walikuwa wamekwisha, mzee Buyani na wanawe wote. Alibaki MaSithole, aliyevuka miaka tisini, ambaye kila asubuhi alimtangazia mkwewe kwamba yeye ameshafunga mizigo, anamsubiri Mfana tu aingie ndani ya nyumba.

"Uharakishe," alimwambia Khombisile. "Siwezi kufika huko kwa baba yake mikono mitupu."

Serikali iliposikia, ikaharakisha kwa niaba yao. Naibu Waziri Mhlungu alikuja mwenyewe na magari matano. Katika ujana wake aliwahi kuimba kwaya moja na Mfanafuthi, na tangu Mfanafuthi apotee urafiki wao ulikuwa unakua mwaka hadi mwaka. Alieleza kwamba shujaa ni wa taifa, kwamba mwenye shamba amekubali kufungua geti kwa wizara na si kwa mtu binafsi, na kwamba kwa kuwa familia haina mwanamume, yeye yuko tayari kulibeba tawi. Khombisile alitazama magoti ya MaSithole yaliyovimba chini ya blanketi. Akakubali. Angekubali hata wangesema tawi litabebwa na farasi.

Siku ya safari kukatokea tatizo la viti. Msichana wa itifaki alisema kwa heshima kubwa kwamba gari la Mheshimiwa wakati wa kurudi litakuwa limejaa, kwa hiyo tawi lingewekwa kwenye buti, juu ya kitambaa safi.

MaSithole alimwita kwa kidole.

"Mwanangu, mjukuu wangu," alisema, "Mfana alishapakiwa kwenye buti ya gari mara moja. Inatosha."

Msichana alitafuta kiti.

Kando ya Thukela palikuwa na hema jeupe, viti vilivyovalishwa mashuka kama mabibi harusi, na fulana za bure zenye neno lile kifuani. Kulikuwa na ratiba. "Kumwita Shujaa" kulipangwa kati ya salamu za wafadhili na chakula cha mchana. Profesa Gasa alipewa dakika chache kulieleza neno, akazitumia zote na za msemaji aliyemfuata. Alisema wataalamu sasa wanaelekea kuamini kwamba asili yake ni Misri. Khombisile, mstari wa mbele, alipiga makofi pamoja na wengine, maana alikuwa na njaa ya jambo moja tu na hakutaka kuchelewesha.

Mhlungu alisimama ukingoni, suti ya bei na ngozi ya chui juu yake, tawi mkononi kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiye wake. Alimweleza marehemu kuhusu demokrasia. Alimpa takwimu za umeme. Alimwambia kwamba Edendale leo ina barabara nzuri.

"Barabara gani?" aliuliza MaSithole, kwa sauti ya watu wanaosikia kidogo.

Simu ikaita, Mheshimiwa akaipokea, tawi likiwa kwapani, akamwambia mtu kwamba yuko kwenye kikao. Kisha akainua mkono.

"Nyuya, komredi. Nyuya."

Umati ukaitikia, kamera ikazunguka angani ikilia kama nzi, kwaya ikaanza. Mshereheshaji akamshukuru marehemu kwa kufika, akatangaza kwamba kuku yuko upande wa kushoto na wasiokula nyama waende kulia. Tawi likalazwa kwenye meza kuu, kati ya chupa za maji.

Hema likahamia kwenye chakula. MaSithole alibaki kwenye kiti chake cha magurudumu, uso wake mtoni.

"Twende, Mama," alisema Khombisile. "Wamemaliza."

"Wamemaliza wao. Mfana hajaja."

"Mama."

"Mimi ndiye niliyemzaa, MaNgcobo. Nikiwa nimelala namjua akiingia ndani. Hajaja." Akavuta blanketi. "Na angekujaje? Mwanaume mzima na ngozi yake ya chui, anamwita kwa maneno ya makoti. Kama ni mimi ningejificha."

Khombisile alitaka kucheka, kicheko kikakataa kutoka. Akachuchumaa kando ya kiti kama anayeweka blanketi sawa.

"Alikuwa anakwambia nini," aliuliza mama mkwe, "pale mlangoni, kila asubuhi?"

"Ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa jikoni. Sikuwa kaburini."

Miaka yote hiyo wanawake hao wawili walikuwa wamelala chumba kimoja, wakazika watu pamoja, wakagombana juu ya chumvi, na hakuna aliyewahi kuugusa ule mlango. Khombisile aliona uso wake umewaka moto, yeye, mwanamke wa miaka sabini, mwandishi wa vitabu vitatu.

"Alisema harudi mpaka nimwite kwa neno lenyewe."

"Haya. Kumbe ulikuwa unajua." MaSithole alisema bila ukali, na hilo ndilo lililouma. "Mtoto wangu ni mbishi tangu alipoanza kutembea. Ukimwahidi kitu anakaa hapo hapo mpaka akipate. Sasa nenda kamwite."

"Siwezi, Mama. Ni jina la Baba."

"Baba yako huyo nimeishi naye miaka mingi kuliko wewe. Nitaongea naye mimi mwenyewe nikifika huko. Wala si mbali."

"Nikilisema..." Khombisile alitazama mikono yake. Alikwisha kusema mbele ya majaji, mbele ya wanajeshi, mbele ya viwanja vizima vya watu, na sasa alikuwa anatafuta sentensi moja. "Nikilisema nitakuwa nani kwako?"

MaSithole alimgeukia. Macho yake yalikuwa na ukungu wa uzee, lakini alimtazama mahali penyewe.

"Utakuwa yule yule anayeacha chumvi wazi. Nenda, upepo wa miwa unanipiga baridi."

Khombisile alikwenda kwenye meza kuu. Mheshimiwa Mhlungu alikuwa na paja la kuku mkononi, akimweleza mfadhili jinsi Mfanafuthi alivyomwamini yeye kuliko watu wote. Khombisile aliomba samahani, akalichukua tawi kati ya chupa. Profesa Gasa alimuuliza kama kuna mabadiliko ya ratiba. Alimwambia yapo.

Akashuka ukingoni mpaka viatu vikaingia tope. Mto ulikuwa mpana na wa udongo, haukuwa na haraka. Alisimama na tawi lake, miiba ikimchoma viganja, na mdomo ukawa mkavu kama siku ile polisi walipomuuliza jina. Ulimi ulikwenda wenyewe kwenye njia yake ya zamani. Akaurudisha.

"Buya," alisema.

Ilitoka kama sauti ya mtu mwingine, msichana fulani wa zamani kabla hajaolewa. Akalisema tena, kwa nguvu, na safari hii alilia nalo, akamwita na kwa Nondaba, jina la sifa la akina Zondi.

"Buya, Mfanafuthi. Buya, Nondaba, twende nyumbani. Nimelisema. Umesikia, nimelisema lenyewe."

Nyuma yake, MaSithole alifumba macho. Kisha akashika magurudumu ya kiti chake kwa mikono miwili na kukigeuza mwenyewe kuelekea kwenye magari, jambo ambalo daktari alikuwa amesema hawezi.

Waandishi walikuwa wamekwisha kunusa kitu. Walimzingira Khombisile akipanda kutoka mtoni: MaNgcobo, umesema nini pale, ni neno jipya? Mshika tawi haongei na mtu, na Khombisile, aliyetafutwa na waandishi maisha yake yote pale alipokuwa hana la kusema, akapita katikati yao amefunga mdomo. Profesa Gasa alitembea kandokando ya kiti cha MaSithole, akamuuliza kwa unyenyekevu kama Bibi anaweza kumsaidia kuhusu hilo "buya", kwa sababu linaonekana kuwa na uhusiano na nyuya, pengine ni tawi lake la baadaye.

"Ni Kizulu," alisema MaSithole.

Gari la Mheshimiwa liliondoka bila Mheshimiwa, ambaye alikuwa bado na mahojiano. Nyuma walikaa watatu: MaSithole dirishani, Khombisile dirisha la pili, na katikati, juu ya kiti kilichofungwa mkanda, tawi. Kwa kawaida mbeba tawi humweleza marehemu kila wanapopita, asije akapotea, na Khombisile alimweleza. Hapa ni geti la shamba. Hapa tunaingia barabara kuu. Hapa pana lami kweli, wasije wakakudanganya kwamba imefika kwetu. MaSithole alisinzia, kiganja chake kimelala kwenye majani.

Walipofika darajani, mabasi ya wizara yaliwakaribia kwa nyuma, yamejaa fulana mpya, na wote ndani yake wanaimba. Sauti nene za wanaume ziliingia dirishani: nyuya, Mfana, nyuya.

Khombisile aliinama karibu na tawi.

"Hapa tunavuka Thukela," alisema. "Hao nyuma wanakuita wewe. Usiwacheke, walifundishwa na mama yako."